Kigoda cha Fundi Mwinchande

Nileteeni masikio, nyie! Mmeleta? Haya.

Alikuwako fundi Mwinchande, mchonga vigoda. Fundi, si mchezo! Akipiga tezo mara moja tu, gogo linadondosha vigoda saba. Na kila akimaliza kimoja humwita bintiye, Mashavu: "Kaa wewe kwanza, mama, nione." Yeye mwenyewe hakumtangulia kukaa hata siku moja.

Fundi akafa. Mashavu akalia mpaka visima vikafurika.

Asubuhi moja, hodi! Baba huyo nje: sura yake, kikohozi chake, harufu yake ya mninga. "Nifungulie, mama, nimerudi."

Moyo ukamruka. Lakini mazimwi nayo huvaa sura za watu. Akampitishia tezo ya marehemu dirishani. "Nichongee kigoda kwanza, baba."

Kwa! Kwa! Kwa! Kikatoka kigoda, kinang'aa! Na yule akajibwaga juu yake, pwa!

"Umekaa?" Mashavu akauliza, machozi yanamtoka.

"Nimechoka, mama. Fungua."

"Wewe si baba yangu."

Papo hapo kigoda kikang'ata makalio ya zimwi. Likatimka nacho, mpaka leo linakimbia.

Mashavu akatoa kigoda chake cha utotoni. Akakikalia, magoti yakamfika masikioni. Hakuinuka mpaka jua likazama.

Yangu ndiyo hayo. Mwenye baba hai, akamsalimie.