Barua Nne, Mrithi Mmoja

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi aegemee ukuta asije akatuangukia. Leo nina mzigo, na mwisho wa hadithi nitawaachia ninyi. Msiseme ni mwepesi kabla hamjautia begani. Mzigo wa mwenzio siku zote ni kanda la usufi.

Kule milimani Upare, kijiji cha Kisesheni, palikuwa na nyumba ya kusubiria. Wajawazito wa vijiji vya mbali walikuja kukaa humo wiki zao za mwisho, ili uchungu ukianza wasiwe mbali na hospitali. Nyumba iliendeshwa na shirika dogo lisilotafuta faida, na shirika liliongozwa na bodi ya watu wanne. Hawakulipwa chochote. Walipata chai, nayo sukari walikuja nayo kutoka majumbani mwao.

Kila mmoja alikuwa na karama yake. Bi Nakundwa, mkunga mstaafu, karama yake ilikuwa viganja: akikugusa tumbo alijua mambo ambayo wewe mwenyewe hujui. Mwalimu Eliakimu, aliyefundisha nusu ya kijiji kusoma, karama yake ilikuwa ulimi. Senzighe, mkulima wa tangawizi, mdogo wao kwa umri, karama yake ilikuwa mabega. Na mwenyekiti, Bi Namsifu, aliyekuwa karani wa posta, karama yake, kama karama tutaiita, ilikuwa kuahirisha.

Msicheke. Katiba ya shirika ndiyo iliyomfundisha. Ilisema bodi isipungue watu wanne hata siku moja. Ikipungua, usajili unafutwa na nyumba inafungwa. Ikasema pia kwamba barua ya kujiuzulu lazima isomwe mbele ya kikao, kabla ya ajenda nyingine yoyote. Ikishasomwa, mwenyewe anainuka, anawapa wenzake mkono, anakwenda zake saa ileile. Barua ambayo haijasomwa haihesabiki.

Basi wenzake watatu waliandika barua, mwaka mmoja, mmoja baada ya mwingine. Bi Namsifu alizisoma peke yake nyumbani na kila moja ilimuuma. Mwalimu aliandika kwamba mkewe ameanza kusahau, na kuna asubuhi humuuliza yeye ni nani. Anataka kuwa nyumbani siku zile chache ambazo bado anamtambua. Bi Nakundwa aliandika kwamba amepokea watoto wa watu miaka arobaini, lakini binti yake mwenyewe, kule Singida, amepoteza mimba mbili bila mama pembeni, na sasa anayo ya tatu. Senzighe aliandika kwamba shamba limeshikwa na magugu, na mkewe amemwambia achague moja: bodi au nyumba yake.

Bi Namsifu aliwatafuta warithi kila mahali. Mchungaji alisema atawaombea. Mwenye duka alisema kazi hiyo ni njema sana, akamsifu, kisha akajificha nyuma ya magunia yake. Kina mama waliowahi kusubiria humo walisema, "Tutakuja, mama mwenyekiti," wakapotea. Kwa hiyo kila kikao Bi Namsifu alizisukuma zile barua chini ya daftari lake na kusema, "Hizi tutazitazama kwenye Mengineyo." Na Mengineyo, kama mnavyojua wote mliowahi kukaa kikao, huja mwisho, watu wakiwa wamechoka na wameshasimama.

Asubuhi moja ya masika wale watatu walikuja wamekubaliana. Mwalimu aliketi bila kuvua koti.

"Mwenyekiti, leo hatunywi chai," alisema. "Zisome barua zetu, kama katiba inavyotaka. Nyumba ikifungwa, na ifungwe. Tumechoka, dada yangu."

"Nimekusikia, Mwalimu. Lakini acheni kwanza tupitie muhtasari wa kikao kilichopita."

"Namsifu!"

"Ukurasa mmoja tu."

Zilikuwa kurasa saba. Alizisoma polepole, mstari kwa mstari, na moyoni aliona aibu, kwa sababu alijua anawaibia watu siku zao. Alipofika ukurasa wa tano mpishi wa nyumba aliingia mbio. Kuna msichana, Nasero, mimba yake ya kwanza, anasema mgongo unamuuma.

Bi Nakundwa aliinuka. Wenzake walisema mgongo ni kawaida, na Nasero mwenyewe alisema ni uchovu tu. Bi Nakundwa aliweka kiganja juu ya tumbo, akakihamisha, akakiweka tena. "Mtoto amekingama, na uchungu umeshaanza," alisema. "Apelekwe sasa hivi apasuliwe. Tukingoja hadi saa sita tutazika wawili." Bila viganja vile, Nasero angeambiwa alale apumzike.

Lakini barabara ilikuwa imekatwa na maporomoko usiku uliopita. Ilibaki njia moja ya miguu, na njia hiyo ilipita katikati ya shamba la Kangalu, ambaye aliiziba kwa miiba baada ya wageni wa nyumba kumkanyagia tangawizi yake. Alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba hataifungua. Mwalimu Eliakimu alimwendea katika mvua. Hakubembeleza wala hakumkemea. Alisema, "Kangalu, sikuombi njia. Machela ina kona nne na sisi tuna wabebaji watatu: Senzighe, mlinzi na mpishi. Nimekuja kukuomba bega." Mtu anayeombwa njia anaweza kukataa, anayeombwa bega huona haya. Kangalu alikubali kubeba, na alipofika na machela mbele ya miiba yake mwenyewe aliing'oa kwa mikono. Bila ulimi ule, wangesimama pale wakibishana.

Ng'ambo ya shamba palikuwa na mteremko wa utelezi hadi hospitali. Senzighe alishika mbele, upande wa chini, ambako uzito wote humwangukia mtu mmoja. Kwenye jabali mguu uliteleza. Angeweza kuiachia machela akajishika. Aliingiza mgongo chini yake, akaanguka nayo juu, na Nasero hakugusa ardhi. Kisha akanyanyuka akaendelea. Bila mabega yale, safari ingeishia jabalini. Na mgongo wa Senzighe haujanyooka tangu siku hiyo.

Nasero alipasuliwa. Mtoto alilia, wa kike, mzima.

Na Bi Namsifu alifanya nini? Hakugusa tumbo, hakusema na mtu, hakubeba. Alibaki pale nyumba ya kusubiria na wajawazito wengine na ukurasa wa sita mkononi. Lakini angezisoma zile barua mara moja, kama katiba ilivyomtaka, wenzake wote wangekuwa wameshafika makwao. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wamesema wahenga. Siku hiyo iliokoa moja.

Mwaka ulipita. Barua zilibaki chini ya daftari, na baada ya siku ile hakuna aliyekuwa na uso wa kuzidai. Mkewe Mwalimu alisahau zaidi. Binti wa Bi Nakundwa alipoteza na mimba ya tatu, na sasa yuko katika ya nne. Mkewe Senzighe alirudi kwa wazazi wake, akasema atangoja hadi mavuno, si zaidi.

Ndipo Nasero alipokuja na mtoto mgongoni. "Mama mwenyekiti, nimesikia mnatafuta mtu wa bodi. Mimi nitakaa. Mume wangu ameridhia."

Bi Namsifu alimshika mikono yote miwili na machozi yakamtoka. Miaka yote hiyo, mtu wa kwanza kukubali! Kisha akahesabu. Mrithi mmoja, kiti kimoja. Barua moja tu ndiyo inayoweza kusomwa.

Kikao kiliitwa. Nasero alikaa kwenye benchi, akinyonyesha.

"Mimi naweza kungoja," alisema Mwalimu. "Someni ya Senzighe, mgongo wake mnauona."

"Na mimi naweza," alisema Senzighe. "Bibi mkunga ndiye aende kwa mwanawe."

"Mwalimu kwanza," alisema Bi Nakundwa. "Mke hasubiri."

Walisema hivyo, na walikuwa wanasema kweli. Lakini barua zilikuwa mezani, na hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua ya kwake.

Walimgeukia Nasero. Yeye akatikisa kichwa. "Bibi alinigusa, babu akanisemea, kaka akanibeba. Nikimtaja mmoja, nimewakana wawili. Msinipe kazi hiyo."

Basi wote wakamtazama mwenyekiti. Nao hawakujua kwamba katika mkoba wake, kati ya leso na miwani, kulikuwa na barua ya nne. Aliiandika jana yake. Haikutaja mgonjwa, wala binti, wala shamba. Ilikuwa na neno moja na jina lake: *Nimechoka. Namsifu.* Alikuwa amejaribu kutafuta sababu nzuri zaidi, akakosa. Miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kumuuliza kama yeye naye anataka kwenda nyumbani.

Bila viganja, Nasero hayupo. Bila ulimi, hayupo. Bila mabega, hayupo. Na bila zile kurasa saba, wote watatu wasingekuwepo kumwokoa, na leo kusingekuwa na mrithi wa kiti cha mtu yeyote.

Bi Namsifu alivaa miwani. Watatu wakashusha macho.

Haya, wasikilizaji, mzigo ndio huo. Barua ni nne, na ni moja tu itakayosomwa. Wewe ungekuwa mwenyekiti, ungesoma ya nani? Na ukishaisoma, mwenyewe akishawapa mkono na kutoka, wale watatu waliobaki ungewaambia nini?