Jinsi Kibudu Kilivyotengwa na Nyama

Jumanne, siku ya kumi na moja ya Mfunguo Tatu, saa tatu kasorobo asubuhi, Semwaiko alimkuta fahali wake amelala zizini, mbavu zimekwisha kupoa. Zama hizo kila kilichokata roho kiliitwa mzoga: mnyama aliyechinjwa, aliyekufa kwa maradhi, hata binadamu aliyelazwa jenezani. Hapakuwa na neno la pili.

Fahali huyo ndiye aliyeahidiwa wageni wa harusi ya Zaihina, binti wa Semwaiko, na harusi yenyewe ilikuwa siku hiyo hiyo. Baba aliogopa kwamba wakwe wakikosa kitoweo wangerudi kwao bila bibi harusi. Akampasua fahali, akaamuru apikwe.

Mzee Shekigenda, baba wa bwana harusi, alikuwa mtu wa masihara. Aliposogezewa sinia aliuliza, "Mkwe wangu, huyu amekufa kwa kisu au kwa furaha ya kutuona?"

"Mzoga ni mzoga, mkwe," akajibu Semwaiko. "Kula."

Watu wakacheka, wakala. Wengi waliugua matumbo, na siku ya tatu Shekigenda akafariki.

Makaburini, mchimbaji aliuliza mzoga ulazwe upande gani. Hapo mjane, Bi Nangasu, akawazuia. Alisema neno lililomficha fahali halitamfunika mumewe. Kisha akamgeukia Semwaiko, ambaye alijua kwamba akikiri, ndoa ya bintiye huenda ikavunjika pale pale.

"Ulimchinja?"

"Sikumchinja, mkwe. Nilimkuta amekufa."

 Mjane akagawa majina: aliyechinjwa aitwe nyama, aliyejifia aitwe kibudu, na aliyeachiwa fisi na tai aitwe mzoga. Mumewe akamwita maiti, akaagiza neno hilo asipewe mnyama yeyote.

Na tangu siku hiyo mwenye karamu humtaja aliyechinja kabla wageni hawajanawa mikono.

Wapo wanaosimulia kwamba Zaihina alirudishwa kwao. Si kweli. Aliishi na mama mkwe wake hadi alipomzika. Wapo pia wanaodai kwamba maneno yale yalizaliwa na hasira, nao hawakufikiri vizuri. Mwenye hasira angemrudishia Semwaiko binti yake. Bi Nangasu alimpa neno kibudu, ambalo, lau Semwaiko angekuwa nalo mapema, huenda angelitamka mbele ya sinia.