Mwizi Asiyeiba

Masikio mmekuja nayo?

"Tumekuja nayo, bibi!"

Haya, yafungueni. Na wewe Mkunde, acha kumfinya mwenzio, la sivyo nakimeza kisa changu nalala zangu.

Kale, kale ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, mji wetu wa mlimani uliingiwa na hofu. Kule bondeni jemadari Lukindo alikuwa akinoa mikuki mchana kweupe. Atapanda lini? Kwa njia ipi? Hakuna aliyejua.

Vijana wakamkimbilia Mzee Kiondo, mshauri wa mfalme. "Nitume mimi nikapeleleze!" "Mimi, mzee, nitume mimi!" Akawafukuza wote. "Anayelilia kutumwa," akasema, "ataitangaza safari kabla hajafika njiani." Akaenda kisimani, akakaa siku saba akijifanya anaota jua. Siku saba, wajukuu zangu! Ya nane akamwita binti mfinyanzi, jina lake Nakiete.

"Jana walikuja wangapi hapa?"

"Kumi na wanne, babu. Mmoja alikuja mara mbili. Yule hakutaka maji, alitaka maneno."

"Nawe ukampa?"

"Nilimsikiliza tu."

Basi, huyo ndiye!

Kesho yake ikapigwa mbiu: Nakiete ameiba mbuzi wa mfalme, afukuzwe! Uongo mtupu. Waliojua ni watatu tu: mfalme, Mzee Kiondo na yeye mwenyewe. Hata mama yake, Bi Nanzia, hakuambiwa. Watu wakazomea, mama akajifunika uso akalia, na Nakiete akateremka bila kugeuka nyuma. Mngeweza ninyi? Mimi nisingeweza, wallahi.

Bondeni wakampokea kwa vicheko. Akafinyanga vyungu, akaviuza sokoni, maana siku ya soko ugomvi ulilazwa, mlima na bonde wakauziana. Kila soko Mzee Kiondo alinunua chungu kimoja, na mistari aliyoichora Nakiete shingoni mwake ikamweleza mambo ya Lukindo. Mwaka wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu ukaingia.

Lakini Nakiete alikosea. Alikosea nini? Hakuiba!

Siku moja ya soko, Lukindo akamkamata mkono. "Mwizi gani wewe? Miaka mitatu hujagusa hata kitunguu cha mtu! Nani amekutuma?" Upanga ukachomolewa. Na miguuni pa Nakiete kulikuwa na chungu chenye siku na njia ya vita, Mzee Kiondo bado hajafika!

Mara ikapasuka sauti. "Mwizi huyo! Nipisheni!" Bi Nanzia! Akamcharaza bintiye fimbo, akamtemea mate usoni mbele ya soko zima. "Umenivua nguo, mwanaharamu wee! Na chungu hiki nakichukua, fidia ya aibu yangu!" Akakibeba, huyooo, akapanda mlima. Lukindo alicheka mpaka akaushusha upanga.

Alipopanda na jeshi lake, alikuta njia yote imejaa watu wetu wakimngoja. Akateremka mbio, hakurudi tena.

Nakiete akaja nyumbani, mfalme akautangaza ukweli. Binti akapiga magoti jikoni. "Nisamehe, mama. Niliapishwa."

Mama alikuwa akikoroga uji. "Nikusamehe nini? Wewe uibe mbuzi? Wewe ambaye ukimwona mbuzi unapanda kitandani? Nilijua siku ileile. Na Mzee Kiondo, tangu lini anapika, hata anunue chungu kila soko?"

"Mbona ulilia, basi?"

"Nisingelia, nani angeamini?"

"Na yale mate, mama?"

Mwiko ukamdondoka. Bi Nanzia akaupapasa uso wa mwanawe pale alipoutemea, akalia tena, safari hii bila kujifunika.

Nakiete alipewa ng'ombe na mfalme. Mama hakupewa kitu, kwani nani alimtuma? Kutunza siri uliyopewa ni kazi, wajukuu zangu. Kutunza siri ambayo hukupewa, tena ya mwanao, usimwambie hata yeye, hiyo hunitetemesha mpaka leo.

Kisa nimekitua hapa chini. Atakayekiokota ampelekee mama yake.