Gari Jeupe, Gari Jekundu na Mkia Mwepesi

Hadithi yabisha hodi.
— Ifungulieni.
Yaja na tope miguuni.
— Na iingie hivyo hivyo.

Palikuwa na Fisi, mwenye magari mawili ya kale, yote yakisukumwa na magurudumu ya nyuma. Jeupe lilikuwa zito, la taratibu; jekundu lilikuwa jepesi, lenye injini ya kunguruma. Masika yakifika, kilima cha kwao kiligeuka utelezi mtupu, na gari lenye mkia mwepesi halikupanda bila uzito kwenye buti. Fisi akaona pimbi ndio mzigo ufaao. Akampakia mwana wa kwanza wa Mama Pimbi, akapanda. Alipofika juu, akamla. Akampakia wa pili, akapanda. Alipofika juu, akamla. Mifupa akaiweka akiba ya siku za njaa.

Kisha akaja kumtaka Mwanaidi, mwana wa mwisho, aliyebaki peke yake.

Mama Pimbi hakulia. Alimuuliza ni gari lipi bora kati ya yale mawili. Fisi akajibu kuwa ni jekundu, hata kipofu anajua. Mama Pimbi akasema yeye angechagua jeupe, basi na washindane: jekundu likitangulia kileleni, Fisi awale wote wawili, jeupe likitangulia, amwachie mwanawe.

"Ila jekundu lina mkia mwepesi, Bwana Fisi."

Fisi akapakia mzoga wa nyati.

"Bado mwepesi."

Akapakia mzoga wa punda.

"Bado mwepesi."

Hakutaka kuacha kitu nyuma, kisije kikaibwa. Akapakia na ile akiba ya mifupa. Pua ya gari ikainuka, ikatazama mawingu.

"Sasa una uzito," akasema Mama Pimbi, polepole.

Wakaondoka. Vuuum! Jekundu likauma tope, likapanda. Chwa-chwa-chwa, jeupe likasaga tope palepale chini. Fisi akacheka mpaka kileleni, kwenye kona ya genge. Akakata usukani. Magurudumu ya mbele yakageuka hewani, hayana ardhi ya kushika. Gari likaenda moja kwa moja. Kimya. Kisha, bondeni: puu.

Mwanaidi, aliyeketi kando ya mamaye ndani ya jeupe, akauliza, "Mama, tumeshindwa?"

"Tumeshindwa, mwanangu. Shuka, tukawazike ndugu zako."

Funzo, enyi wanunuzi, ni hili: chagueni jekundu, maana ndilo lililoshinda. Wala msisahau kujaza buti.

Hadithi yaomba njia.
— Ipisheni, na iende kwa miguu.