Fisi Aliyekaa Kidakani

Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa jumba.

— Tuvue viatu tuingie.

Ingieni, ila msiguse kitu. Lilikuwa jumba la mawe, la sultani wa zamani, na wanyama walitoka mbali kuja kulipiga picha. Lilikuwa na mlango wa kuchonga na ngazi pana, na juu kabisa chumba cha vidaka, vile vishimo vya ukutani walimopanga sahani za kaure, kila kimoja kimezungushiwa maua ya plasta. Msimamizi wake alikuwa Fisi. Sheria alizitunga mwenyewe: picha ni kwa kibali, kilichomo kidakani hakiguswi ila kwa kibali, na kibali hutolewa mezani, pale mlangoni, Msimamizi akiwa amekaa.

Siku moja akaja Nguchiro na kamera na kikapu cha chakula. Bibi yake alizaliwa ndani ya kuta zile. Sasa miguu imekwisha, macho nayo yanaanza kuaga, na alitaka kuyaona tena yale maua, basi.

Nguchiro akaelekeza kamera mlangoni.

"Kibali," akasema Fisi.

Wakaenda mezani. Fisi akakaa, akafunua kikapu, nyam nyam nyam, mkate wa kumimina wote. Akagonga muhuri, pa. Kamera ikalia, kacha.

Nguchiro akaelekeza kamera kwenye ngazi.

"Kibali."

Wakarudi mezani. Fisi akakaa, nyam nyam nyam, kuku mzima na mifupa yake. Pa. Kacha.

Wakafika chumba cha vidaka.

"Kibali."

"Mzee, kikapu kitupu."

"Basi lete hiyo kamera," akasema Fisi, akaivaa shingoni. Akamtazama Nguchiro, akajilamba. "Na wewe usiende mbali."

Nguchiro hakuubadilisha uso. "Sawa, Mzee. Nasikitikia kitu kimoja tu. Kila ofisi ina picha ya mkubwa ukutani. Hapa sijaiona."

Fisi akazungusha macho. "Kweli. Kwa nini haipo?"

"Msumari utaharibu plasta. Lakini mkubwa mwenyewe akikaa ukutani, humo kidakani, penye sahani za sultani..."

Fisi akamrudishia kamera. Akaingia kinyumenyume kwenye kidaka kikubwa cha chini, tumbo limejaa kuku, akajisukuma, kwe, kwe, kwe. Kwaa.

"Piga," akaamuru. "Maua yote yatokee."

Kacha.

"Sasa nivute."

"Nikuvuteje, Mzee? Kilichomo kidakani hakiguswi ila kwa kibali."

"Kibali nakupa mimi, mjinga wewe."

"Hutolewa mezani, Mzee, ukiwa umekaa."

Fisi akafikiri. Sheria ilikuwa imetungwa vizuri mno.

"Tangulia mezani," akasema. "Nakuja."

Nguchiro akatangulia. Akaipita meza, akaupita mlango, na hakushusha pumzi mpaka alipokanyaga mchanga wa nje. Hapo akaishusha yote, fyuuu. Fisi, yeye, alikuja kutolewa na njaa.

Nyumbani, bibi akaisogeza picha mpaka puani. Akayapitia maua moja moja.

"Ndiyo haya, mume wangu," akamwambia mjukuu wake. "Ila hii sanamu mbaya hapa kati, zama zetu haikuwepo."

Funzo ni hili: mkienda kutembelea jumba la kale, mumtii msimamizi, na mumshibishe vizuri. Asiposhiba, kazi haiendi.

Hadithi imefika kizingitini. Kila mtu avae viatu vyake, si vya mwenzake.