Mafundo Arobaini ya Sungura

Msimulizi wenu anaanza kwa kuungama. Mwaka aliojifunza pikipiki kwa siku mbili uwanjani, alimpakia shemeji yake kwenda ubatizoni, na ibada hiyo wote wawili waliisikilizia mtaroni. Mungu alimsamehe. Shemeji bado. Basi asichekwe Sungura peke yake.

Mwaka mmoja mbingu zilijifunga. Kisima cha porini kikakauka hadi vyura wakahama, maji yakabaki mtoni, ng'ambo ya kilima, kwa barabara yenye malori. Wanyama walikuwa na pikipiki moja na mwendeshaji mmoja, mzee Kobe. Kila siku alileta madumu manne, yamejaa hadi vifunikoni. Lakini magoti yalianza kumsumbua, akatafutwa wa kumrithi.

Desturi ilikuwa hii: anayejifunza huendesha safari arobaini, Kobe akiwa nyuma yake. Kila wakirudi salama, Kobe hufunga fundo moja kwenye kamba ya mwanafunzi. Bila mafundo arobaini, hubebi maji.

Sungura alikuwa na matatu. Lakini uwanjani, loo! Alizunguka kama pia, akanyanyua gurudumu la mbele, akaachia mikono akiwapungia Swala.

"Babu, ukiendesha wewe, maji hufika yakiwa mvuke!"

"Lakini hufika, mjukuu wangu."

"Na hizo arobaini za nini? Kwani nani amekufa?"

"Bado hakuna. Ndiyo maana tunahesabu sasa."

Sungura akaingia kichakani, akafunga mafundo thelathini na saba kwa mkao mmoja, akampelekea Simba kamba. Simba aliona kuhesabu ni kazi ya watu wadogo. Akatikisa manyoya tu. "Nenda. Watoto wa porini hawajanywa tangu jana, na mimi pia."

Fisi akajitolea kukaa nyuma na kushika madumu. "Mimi mzigo mwepesi, ndugu yangu."

Walijaza mtoni, wakapanda kilima. Njiani Sungura akasikia mgongoni: gluu, gluu, gluu.

"Fisi, unafanya nini huko?"

"Nakupunguzia uzito, bosi."

Sungura akafurahi, maana kweli pikipiki ilikuwa nyepesi. Safari zile alizoziruka zingemfundisha kwamba dumu lililojaa hutulia, la nusu hucheza.

Kwenye mteremko, lori likachomoza konani. Sungura akabana breki ya mbele juu ya changarawe, kwa nguvu zake zote, kama alivyozoea uwanjani. Maji yakakimbilia mbele, yakarudi nyuma, yakaenda kushoto. Pikipiki ikayafuata.

"Achia! Shika! Achia!" Fisi akapiga kelele.

"Nishike kipi?"

Jibu lilitolewa na mtaro. Lori likapita zake. Wao wakabaki hai, Fisi kichwa ndani ya matope, na maji yote yakanywewa na vumbi.

Sungura alirudi akisukuma pikipiki yenye usukani uliopinda, sikio moja limekunjika. Swala na wanawe walikuwa wamepanga foleni na vibuyu vyao.

"Maji yako wapi, mjomba?" aliuliza mdogo kuliko wote.

Sungura akatafuta uongo. Siku zote huwa nao tele. Siku hiyo hakuupata. "Nimeyamwaga," akasema. "Na mafundo nilifunga mwenyewe."

Simba akanguruma, ila hakumtazama Kobe usoni. Fisi akapewa madumu mawili aende mtoni kwa miguu. Kobe akanyoosha usukani, akamketisha Sungura mbele, mwenyewe akakaa nyuma, wakaenda taratibu. Kabla ya jua kuzama watoto walikuwa wanakunywa.

"Babu," Sungura akanong'ona, "fundo hilo ni la nne?"

Kobe akamrushia kamba. "Fungua yote. Hilo ni la kwanza."

Debe shinda haliachi kutika.

Nawe msikilizaji, siku ukimwona msimulizi huyu ameshika usukani, tafadhali, kabla hujapanda nyuma yake, muulize ana mafundo mangapi.