Kanga ya Bi Siwema

Mnaitaka hadithi? Tunaitaka! Basi tegeni masikio.

Alikuwepo Bi Siwema, mpiga kura asiyekosa foleni. Mwenyekiti wa chama chake alikuwa zimwi, na kila uchaguzi zimwi hilo liligawa kanga zilizoandikwa KISIMA KINAKUJA. Uchaguzi wa kwanza, kisima hakikuja. Wa pili, hakikuja. Wa tatu, zimwi lilipopanda jukwaani, Bi Siwema alikuwa amechoka kuchota matope. Akapiga vigelegele, akalivisha kanga yake kuukuu, kama avishwavyo mgeni wa heshima. Kumbe kanga ile ilikwisha kunywa jasho lake mpaka ikaingia uchawi!

"Kisima kinakuja!" likanguruma zimwi. Kanga ikalibana kiuno.

"Kinakuja!" Ikalibana kifua.

"Kinakuja!" Ikalikaba koo.

"Nifungue, mama!"

"Chimba kwanza, mwanangu."

Zimwi likachimba kwa kucha zake. Kila likipumzika, kanga inakaza. Maji yalipofoka, kanga ikalegea yenyewe, na maandishi yakasomeka: KISIMA KIMEKUJA. Mwanamke yule, jamani!

Zimwi likajifuta jasho, likauliza kwa upole, "Na kura yako, mama?"

Bi Siwema akajitwika ndoo yake.

"Inakuja."